Kutoka Himo Hata Penye Theluji

Himo ni mji mdogo ulio mashariki ya Moshi, mahali njia zinapoachana. Njia moja yaenda Holili mpaka Taveta katika nchi ya Kenya. Nyingine yashuka kusini kwa Same. Na nyingine yapanda Marangu, penye lango la Mlima Kilimanjaro. Kwa hiyo wageni wengi watokao mbali kuja kuutazama mlima hupita hapa. Mgeni afikaye Himo wakati wa adhuhuri huona jua kali, vumbi na miti ya migunga. Walakini akiinua macho, na mawingu yasipokuwapo, huona theluji.

Zamani jambo hili lilikuwa gumu kusadikika. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji hiyo, akaandika habari zake. Baadhi ya wenye elimu huko Ulaya walikataa kusadiki, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Lakini sababu yake ni hii: kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo hewa izidivyo kuwa baridi, yapata digrii 6 kwa kila mita 1,000. Himo iko mita 900 hivi juu ya bahari, na kilele cha Kibo ni mita 5,895. Basi apandaye kutoka Himo hupita katika nchi za namna nyingi kwa siku chache tu.

Kwanza ni nchi ya mashamba ya mahindi na maharagwe. Juu yake ni vihamba vya Wachaga, ambamo migomba na mibuni hukua pamoja chini ya vivuli vya miti mirefu. Kisha ni msitu mzito wenye ukungu, wakaamo kima, na mbega wenye manyoya meusi na meupe, na minde, mnyama wa jamii ya paa apatikanaye katika milima michache ya Tanzania tu. Msitu huishia karibu na Mandara, mita 2,720, na vichaka huanza. Karibu na Horombo, mita 3,720, husimama miti ya ajabu iitwayo senesio. Majani yake yakikauka hayaanguki, bali huzunguka shina kama blanketi, yasije maji ya ndani yakaganda usiku. Mbele yake ni jangwa la mawe na mchanga, na mwisho ni barafu.

Mgeni aweza kudhani kwamba nchi hizo hazihusiani. Sivyo, maji huziunga zote. Tena wengi hudhani kwamba maji ya mito yatoka katika barafu. Barafu hutoa maji kidogo tu, nayo yazidi kupungua: tangu mwaka 1912 zaidi ya sehemu nne katika tano zimetoweka. Maji mengi hutoka katika msitu. Matawi hunasa ukungu, na udongo wenye majani yaliyooza hunyonya mvua kama sifongo, kisha huitoa polepole penye chemchemi. Tangu kale Wachaga wameyaongoza maji hayo mpaka vihambani kwa mifereji iitwayo mifongo. Mto Himo nao huyachukua mpaka nyanda za chini.

Adui mkubwa ni moto. Mwezi wa Oktoba 2020 moto uliteketeza sehemu kubwa ya vichaka vya juu, na mamia ya watu wakapanda kuuzima. Miti na vichaka vikiungua, ukungu hupita bure. Mvua nayo huteremka kwa kasi juu ya ardhi tupu, ikachukua udongo na kuchimba makorongo.

Mgeni akiisha kushuka mlimani huenda zake. Mkulima wa Himo hubaki na shamba lake. Naye akitaka kujua kama mfereji wake utakuwa na maji mwaka ujao, hana budi kutazama chini ya theluji, penye msitu.