Skrini za kazini: Taa ikiwaka, nani anaitikia?

Kampuni inayotaka kuweka skrini ya matangazo katika karakana, ghala au chumba cha chakula cha wafanyakazi kwa kawaida huanza na bei. Swali linalomhusu zaidi mwenye mtaji ni jingine: mfanyakazi akishasoma kilichoandikwa, anaweza kufanya nini?

Mfano unaofahamika sana ni ubao wa Toyota ya Japani uitwao andon, jina la taa ya kale ya karatasi. Ubao huo huning'inizwa juu ya mstari wa kuunganisha magari, mahali ambapo kila mtu anauona, nao huonyesha namba za vituo vya kazi. Mfanyakazi akigundua kasoro, mathalani bolti iliyolegea, huvuta kamba iliyo karibu naye. Namba ya kituo chake huwaka, muziki hulia, na kiongozi wa kikundi hufika. Tatizo lisipotatuliwa kabla gari halijavuka kituo hicho, mstari husimama.

Kusimama huko ni hasara, na mameneja wengi hukuogopa. Lakini kasoro ikiachwa ipite, gari hufunguliwa upya mwishoni, au hurudishwa na mteja aliyekwisha kukasirika.

Huko Fremont, California, General Motors ilifunga kiwanda chake mwaka 1982 baada ya migogoro na utoro wa muda mrefu. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota kwa jina la NUMMI, na wengi wa walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani. Safari hii walipewa kamba, na viongozi wa kuiitikia. Ubora ulipanda haraka. Si sifa ya ubao peke yake: baadhi yao walipelekwa Japani kujifunza, na mkataba uliweka upunguzaji wa wafanyakazi kuwa hatua ya mwisho. Ubia huo ulikoma mwaka 2010.

Kwa mfanyabiashara wa kawaida, luninga, kifaa kidogo cha kurushia picha na programu vinatosha. Gharama inayosahaulika ni mtu wa kubadilisha habari kila siku. Salamu za Idi zikiendelea kuzunguka miezi miwili baadaye, watu huacha kutazama, na siku ya tangazo la hatari hakuna anayeinua macho. Mwenye ghala moja na vibarua sita huenda akafaidika zaidi na ubao mweupe unaoandikwa kila asubuhi.

Wapo waajiri wanaotaka skrini ionyeshe majina ya waliochelewa au walioshindwa kutimiza malengo. Hao wamwone kwanza mwanasheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ubao wa andon, ikumbukwe, huwasha namba ya kituo, si jina la mtu.