Kitalu cha Msimbo: Jinsi Viendeshi Vinavyokomaa katika Kiini cha Linux

Kifaa kipya kinapounganishwa na kompyuta, iwe ni printa, kamera au kadi ya mtandao, mawasiliano baina yake na mfumo wa uendeshaji hayazuki yenyewe. Huhitajika programu ndogo ya kusimama katikati kama mkalimani: ipokee amri za mfumo, izigeuze ziwe ishara ambazo kifaa kinazielewa, kisha irudishe majibu. Programu ya namna hiyo katika mhadhara huu inaitwa kiendeshi, na ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, inayozigawia programu nyingine zote kumbukumbu na muda wa kazi, inaitwa kiini. Kiini kinachozungumziwa ni kile cha Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Msimbo wake ni huria: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuusambaza, mradi azingatie masharti ya leseni. Ndicho kiini kilichomo ndani ya simu za Android, zikiwamo zile za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi.

Zaidi ya nusu ya msimbo wa Linux ni viendeshi. Ukubwa huo una sababu yake. Waendelezaji wa Linux hawatoi ahadi kwamba violesura vya ndani ya kiini vitabaki vilevile; toleo jipya hutoka takriban kila baada ya wiki 9 au 10, na kila toleo laweza kubadili au kufuta njia ambazo viendeshi huzitumia. Kiendeshi kilichomo ndani ya kiini hurekebishwa na yuleyule aliyebadili kiolesura. Kilicho nje hubaki mikononi mwa mwandishi wake, na mwandishi huyo akichoka, au kampuni yake ikiacha kukiuza kifaa, basi kifaa kizima kinaweza kukosa kazi hata kama hakijaharibika. Kwa hiyo kuingizwa ndani ni suala la uhai wa msimbo. Hata hivyo, mlango ulikuwa mwembamba. Watunzaji wa kila sehemu ya kiini walikataa msimbo ulioandikwa ovyo, na walikuwa na haki, kwa maana dosari moja ya kiendeshi huweza kuiangusha kompyuta nzima. Matokeo yake ni kwamba viendeshi vingi vilivyofanya kazi, japo kwa kuchechemea, vilibaki nje.

Mwaka 2008 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu wa Linux, alipendekeza njia ya tatu, ambayo si kukataa wala kukubali. Folda maalumu ilitengwa ndani ya kiini chenyewe kwa ajili ya msimbo ambao haujaiva, nayo ilionekana kwa mara ya kwanza katika toleo la 2.6.28 la Desemba mwaka huo. Kwa Kiingereza huitwa staging. Kiswahili kina neno linaloifaa zaidi hali hiyo, nalo ni kitalu. Mkulima wa kahawa huotesha miche kitaluni, akaitilia kivuli na maji, na baada ya miezi kadhaa ndipo aihamishie shambani. Ule uliodhoofika huung'oa.

Masharti ya kuingia kitaluni ni mepesi. Msimbo uwe na leseni inayokubalika, uweze kukusanywa pamoja na kiini bila kukivunja, na uambatane na faili linalotaja kazi zilizosalia kabla haujastahili kuhamishwa. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Udhaifu wa msimbo hautunzwi kama siri ya mwandishi, bali huandikwa na kuwekwa pale pale ulipo msimbo wenyewe. Aidha, kiendeshi cha kitaluni kinapopakiwa, kiini huandika onyo kwamba ubora wake haujulikani, kisha hujitia alama ya doa. Mtaalamu anayeletewa ripoti ya hitilafu baadaye huiona alama hiyo na kujua mahali pa kuanza kutilia shaka. Mtumiaji hanyimwi msimbo mbichi, lakini wala hadanganywi kwamba umeiva.

Historia ya zram yafaa kuangaliwa kwa undani. Hii ni programu inayobana data ndani ya kumbukumbu, ili kumbukumbu ndogo iweze kubeba mambo mengi zaidi. Iliingia kitaluni katika toleo la 2.6.33, mwaka 2010, kwa jina la ramzswap, kutokana na mradi ulioanzishwa na Nitin Gupta. Kwa kipimo cha kawaida ilifanya kazi vizuri. Watengenezaji wa vifaa waliitumia katika bidhaa zilizokwisha kuuzwa, na Android 4.4 ya mwaka 2013, iliyokusudiwa kuzifaa hata simu zenye kumbukumbu ya megabaiti 512, iliitegemea kwa vifaa vya namna hiyo. Hata hivyo, ilikuwa bado kitaluni. Watunzaji wa sehemu ya kumbukumbu hawakuwa wakibishana kama inafanya kazi. Walichotaka kujua ni namna inavyozigawa nafasi ilizozibana, kwa nini kiini kiwe na njia zaidi ya moja ya kufanya jambo hilo hilo, na nani angeitunza. Mgawaji wake wa ndani alibadilishwa na kuwekwa mwingine. Mshindani wake zcache, aliyekuwa kitalu kimoja naye, aling'olewa mwaka 2013. Toleo la 3.14 la Machi 2014 ndilo lililoihamishia zram shambani.

Kisa hiki kinaonyesha kwamba kufanya kazi na kukomaa ni mambo mawili. Msimbo hukomaa pale watu wasiouandika wanapoweza kuusoma, kuukubali na kuubeba endapo mwandishi ataondoka. Kiswahili chenyewe kimepitia jambo linalokaribiana na hili, ingawa kwa mwelekeo wa kinyume: ngamizi na tarakilishi yaliundwa kwa ustadi, na tarakilishi bado lina watetezi wake hasa nchini Kenya, lakini lililobebwa na vinywa vya wengi ni kompyuta.

Uzito wa kuwapo mtu wa kuwajibika unadhihirika zaidi pale mambo yanapokwenda kombo. Lustre, mfumo wa mafaili unaotumiwa na kompyuta kubwa za kisayansi, uliingia kitaluni mwaka 2013 ukiwa na watumiaji wengi na wataalamu wa kutosha. Wataalamu hao, hata hivyo, waliendelea kuutunza msimbo wao mkuu nje ya kiini, ukawa kama mche wenye mashina mawili. Maboresho yaliyofanywa upande mmoja yalichelewa kufika upande wa pili. Mwaka 2018, baada ya miaka mitano, Kroah-Hartman aliung'oa. Viendeshi vya Microsoft kwa ajili ya mashine pepe za Hyper-V, takriban mistari 20,000 iliyotolewa Julai 2009, navyo vilikaribia kung'olewa kwa kukosa mtunzaji. Viliokolewa pale kampuni hiyo ilipomweka mhandisi wa kuvishughulikia, na kwa miaka kadhaa vikasafishwa kipande kwa kipande hadi vikahamishwa.

Kitalu kimekuwa pia darasa. Wanaojifunza kuchangia Linux huelekezwa huko, kwa kuwa makosa ni mengi na madhara ni madogo: nafasi zilizopangwa vibaya, majina yasiyofuata kanuni, msimbo uliorudiwa bila sababu. Mwanafunzi hutuma kiraka, hukosolewa, hurekebisha, hutuma tena. Faida yake ni kubwa, lakini ina kasoro isiyosemwa mara nyingi. Viraka mia moja vya kusawazisha nafasi havikisogezi kiendeshi kuelekea shambani iwapo tatizo lake ni muundo, na hesabu ya mabadiliko huweza kuonekana kama maendeleo mahali ambapo hayapo. Kuna pia nyakati ambapo mche haustahili kutibiwa. Kiendeshi cha exFAT, mpangilio wa mafaili unaotumika katika kadi nyingi za kumbukumbu, kiliingizwa kitaluni mwaka 2019 kutokana na msimbo wa zamani wa Samsung. Mwaka uliofuata Samsung yenyewe ilileta msimbo mwingine ulio bora, ukapandwa shambani moja kwa moja, na ule wa kitaluni ukatupwa.

Comedi, mkusanyiko wa viendeshi vya vifaa vya kupimia vya maabara, haukutupwa. Uliingia mwaka 2009, ukapokea maelfu ya viraka, vingine vya wanafunzi na vingine vya watu waliovijua vifaa vyenyewe, na ukahamishwa katika toleo la 5.13, mwaka 2021, baada ya miaka 12 kitaluni.