Kibandiko cha Mlangoni

Sikuwa nimekusudia kuandika juu ya magari, wala mimi si mtu wa kuyapenda kupita kadiri. Lakini Jumamosi moja, nilipofuatana na binti wa ndugu yangu, mwalimu wa shule ya msingi, kwenda kutazama gari dogo katika yadi moja hapa Mombasa, niliona kijikaratasi kisichozidi upana wa vidole vitatu, kimebandikwa ukingoni mwa mlango wa dereva, na tangu siku hiyo kijikaratasi kile hakijanipa raha.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Vitz, jeupe, lililosajiliwa Japani kwa mara ya kwanza mwaka 2018, limeoshwa likaoshwa tena hata likanukia sabuni, na mita yake ikisoma kilomita 61,000 na ushei. Dalali alilisifu kwa ufasaha ambao laiti angeutumia mimbarini angeongoa watu wengi. Fundi tuliyekwenda naye, mzee aliyepindukia miaka sitini, ambaye siku hizi ameacha kutengeneza magari akawa akiyakagua kwa niaba ya wanunuzi, hakumjibu neno. Alifungua mlango, akavaa miwani, akainama, akasoma.

Yafaa nieleze alichokuwa akisoma, kwa kuwa wengi wetu tumepanda magari ya Japani umri wetu wote tukikiona kitu hiki kila tufunguapo mlango, nasi tukidhani ni pambo la kiwandani. Gari likibadilishwa oili katika gereji za huko, fundi hubandika karatasi ndogo mlangoni au chini ya boneti, na juu yake huandika tarehe, pamoja na kilomita ambazo gari likizifikia litapasa kubadilishwa oili tena. Mwaka aghalabu huandikwa kwa hesabu ya zama za mfalme wao: zama za Heisei zilianza Januari 1989, basi atakaye kuujua mwaka wa kawaida huongeza 1988, na zama za Reiwa zilianza Mei 2019, basi huongeza 2018. Mzee wetu hajui Kijapani, wala hajapata kuiona Japani; ajuacho ni alama chache za zama hizo, alizozinakili zamani katika daftari lenye jalada la plastiki, pamoja na tarakimu, ambazo hazina taifa.

Kijikaratasi kile kilisema Reiwa 4, mwezi wa 6. Nne ukiongeza 2018 ni 2022. Na chini yake, kwa kalamu ya wino mweusi, kwa mkono mzuri usio na haraka: 98,500.

Nilimwona binti akihesabu kwa midomo. Ikiwa oili hubadilishwa kila kilomita 5,000, gari hili katikati ya mwaka 2022 lilikwisha kupita 90,000. Basi limewezaje kuvuka bahari na kufika Kilindini likiwa na 61,000?

"Labda lilikuja kinyumenyume," alisema mzee, pasipo kucheka.

Dalali, naye hakukosa jawabu, alidai kuwa huenda mlango ule ulitolewa katika gari jingine. Mzee akamtazama kwa upole. "Kama mlango umebadilishwa, hiyo nayo ni habari, na sisi hatujaambiwa." Kisha akaendelea na kazi yake: akatazama mpira wa pedali ya breki, uliolika upande wa kulia hata chuma kikachungulia, akauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, akautazama unavyorudi kwa uvivu, akasoma ubavuni mwa kila tairi zile tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka, zinazotaja lini tairi lilitengenezwa. Yote aliyaandika.

Tulipokwisha toka, tukakaa kwenye kibanda cha kahawa, nikamwuliza kwa nini alikiamini kijikaratasi kuliko mita. Jawabu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya.

"Mita, kila aiguseye ana haja nayo," alisema. "Wa kuuza ana haja, wa kusafirisha ana haja, na wewe wa kununua pia una haja, maana wataka kuamini. Karatasi ile aliiweka fundi mwenzangu. Hajui gari itauzwa, hajui Mombasa iko wapi. Hana sababu ya kusema urongo."

Wasomaji wanajua jinsi magari haya yanavyotufikia. Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi; ukaguzi wao wa serikali, uitwao shaken, hulipata gari baada ya miaka mitatu ya kwanza na kila miwili baada ya hapo, nao una gharama za kumfanya mwenye gari afikirie kuuza; na kanuni yetu ya kuingiza magari Kenya, ile ya KS 1515, huruhusu gari lisilozidi miaka minane. Maadamu ushuru hukadiriwa kwa thamani iliyopunguzwa kwa umri, wafanyabiashara huleta yale yaliyo karibu kugonga ukomo huo.

Lisilojulikana sana ni kuwa mengi kati ya magari hayo, kabla ya kupakiwa melini, hupita mnadani, na huko mkaguzi huyaandikia karatasi yenye picha ya gari kama limebanjuliwa, akaijaza herufi: A kwa mkwaruzo, U kwa kibonyeo, W kwa mahali palipopigwa bati na rangi, XX kwa kipande kilichobadilishwa; na gari lililopata ajali kubwa likatengenezwa hupewa R. Mzee alinionyesha moja aliyoihifadhi. Sikupata kuona hati yenye insafu kama ile: mtu asiyemjua mnunuzi amekiri kila dosari, hata alama ya kuungua kwa sigara kitini. Binti alipoiomba ya Vitz ile, aliambiwa imepotea. Kwa nini karatasi hupotea baharini ilhali gari halipotei, sijapata wa kunijibu.

Na gari jipya je? Nilidhani mzee angelibeza, kwa kuwa halimpi riziki. Wala hakufanya hivyo. "Gari mpya walipa ili usiulize," alisema. "Una dhamana, una mahali pa kurudi ukalalamika. Kwa mtu asiye na nafasi ya kukagua, hiyo ni haki yake." Walakini alimwonya binti asilewe neno jipya, maana kipya kinyemi ingawa kidonda, na hata kipya kina nasaba ya kuulizwa: Starlet inayouzwa Afrika kwa jina la Toyota ni gari la Suzuki litengenezwalo India, na Polo Vivo ilianza kuunganishwa Thika mwaka 2016. Hakuna aibu katika hayo. Ila anunuaye ajue anunuacho, na ajue kuwa thamani huanza kushuka siku hiyo hiyo gari litokapo dukani, ilhali mkopo wa benki haushuki kwa kasi ile.

Nasaha yake kwa mwenye kipato cha mwalimu ilikuwa fupi. Asinunue lililotumika kwa pesa zote alizonazo, bali aweke kando za kutosha matairi, betri na breki kabla ya safari ya kwanza. Ikiwa gari ni la giaboksi ya CVT, kama zilivyo Vitz nyingi, abadilishe oili yake kwa aina yake hasa, kwani giaboksi nyingi hufa kwa kutiwa oili ya giaboksi nyingine. Na akikosa pesa za kando, wala hana wa kumkagulia, basi lililotumika si rahisi kwake hata likiwa nusu ya bei.

Yako niliyomwuliza asiweze kujibu. Nani aliirudisha mita ile, na wapi? "Mimi sikuona. Yaweza kuwa huko, yaweza kuwa hapa." Na kiwanda kikiita magari yake yarudishwe kwa hitilafu, barua ikaenda kwa mwenye gari wa kwanza kule Japani, nani humwarifu mwenye gari wa Mombasa? Mzee alikoroga kahawa yake, akanyamaza.

Binti hajanunua bado. Anakwenda shuleni kwa matatu kama desturi yake. Nami juma lililofuata nilipita yadini nikiwa peke yangu, nikaomba kuitazama Vitz ile mara ya pili. Mita ilisoma 61,000 na ushei, bei haikupungua shilingi, na ukingo wa mlango wa dereva ulikuwa umepanguswa ukatakata, pamebaki mraba wa gundi unaonata kidole.