Mtoto Hujifunza Kabla ya Kushika Penseli

Wazazi wanaowaleta watoto kliniki huuliza sana kuhusu uzito, chanjo na homa. Ni wachache wanaouliza iwapo mtoto anajifunza ipasavyo, kwa kuwa kujifunza huhesabiwa kuwa kazi ya mwalimu, inayoanza siku mtoto anapopelekwa chekechea. Ukweli ni kwamba kufikia siku hiyo sehemu kubwa ya kazi huwa imekwishafanyika, au imekwishakosekana.

Mtoto anapofikisha miaka 2, ubongo wake huwa umefikia takribani asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Katika kipindi hiki seli za neva huungana kwa wingi. Miunganiko inayotumika mara kwa mara huimarika, na isiyotumika hupunguzwa. Chakula bora huupa ubongo malighafi. Mazungumzo na michezo huitumia malighafi hiyo kujenga. Mtoto mchanga akitoa sauti, nawe ukamtazama na kumjibu, tayari mmezungumza.

Ushahidi mashuhuri unatoka Kingston, Jamaica. Mwaka 1986 na 1987 watafiti waliandikisha watoto 129 wenye udumavu. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki, kwa saa moja, na wahudumu wa afya ya jamii kwa miaka 2. Mhudumu alimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vifaa rahisi. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao wasiotembelewa kwa takribani robo.

Nyumbani

Hakuna haja ya vifaa vya gharama. Wakati wa kumwogesha, mtajie viungo vyake. Mnapopanga vikombe, hesabuni pamoja. Msimulie hadithi, mtegee vitendawili, na umpe nafasi ya kujibu. Tumieni lugha mnayoimudu vizuri. Kukua na lugha mbili hakusababishi mtoto kuchelewa kusema. Mbegu na visoda vichezewe mbele ya mtu mzima tu, kwani watoto wadogo huvimeza, hupaliwa navyo au huvitia puani na masikioni.

Simu haiwezi kushika nafasi ya mlezi, kwa sababu haimjibu mtoto. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku.

Chekechea

Wazazi wengi huipima shule kwa wingi wa madaftari yaliyojazwa. Hata hivyo, misuli midogo ya mkono wa mtoto wa miaka 3 bado haijakomaa kwa kuandika kwa muda mrefu. Kufinyanga udongo, kuchora, kujenga na kuimba ndiyo maandalizi ya kuandika. Mtoto anayechapwa kwa herufi iliyopinda hujifunza hofu kabla ya herufi.

Dalili zisizopaswa kusubiriwa

Mtoto afanyiwe uchunguzi iwapo:

- akiwa na miezi 12, hageuki anapoitwa jina wala hatoi sauti za kubwabwaja;
- akiwa na miezi 18, hasemi neno lolote;
- akiwa na miaka 2, haunganishi maneno mawili;
- katika umri wowote, amepoteza uwezo aliokuwa nao.

Kauli ya “atasema tu, hata baba yake alichelewa” imewachelewesha watoto wengi. Jambo la kwanza kuchunguzwa ni usikivu. Mtoto ambaye masikio yake hutoa usaha kila mara huenda hasikii vizuri, nyumbani akaitwa mtukutu na shuleni akaitwa mzito wa kuelewa, ilhali anahitaji tiba.

Mhudumu wa afya, baada ya kupima uzito, muulize mzazi maswali mawili: “Mtoto anacheza na nani? Anazungumza na nani?” Kisha msikilize mtoto mwenyewe. Maswali hayo huchukua dakika chache tu, na majibu yake yaandikwe kwenye kadi pamoja na uzito.