Mikopo ya Simu: Njia za Kutoka kwenye Deni

Nchini Kenya, kadi ya mkopo ni ya wachache. Deni la wengi limo ndani ya simu. Huduma ya mikopo ya M-Shwari ilianza Novemba 2012, Fuliza ikafuata Januari 2019, na kati ya hizo mbili zikazuka programu nyingi za kukopesha. Jina Fuliza lilichaguliwa vyema, pengine kuliko lilivyokusudiwa: kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kukoma.

Ugumu umo katika ada ndogo inayohesabiwa kwa muda mfupi. M-Shwari ilipoanza ilitoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa shilingi 10,000, ada hiyo ni 750, na mtu huiona si kitu. Lakini anayelipa na kukopa tena kila mwezi, mwaka mzima, hutoa shilingi 9,000 za ada, na zile 10,000 bado anadaiwa. Fuliza nayo hujilipa yenyewe kutoka kwa pesa zinazoingia: mama akitumiwa 500 za unga, ujumbe unaofuata humwarifu kuwa zote zimekatwa. Jioni anafuliza tena ili watoto wale.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuacha kukopa huku ili kulipa kule. Madeni yote huandikwa kwenye karatasi moja, pamoja na ada ya kila moja na tarehe yake. Lenye ada kubwa hulipwa kwanza, hata kama si la mdai mwenye kelele nyingi. Mkopeshaji naye huendewa mapema, kabla siku 90 hazijapita tangu malipo yakome, maana baada ya hapo mkopo huhesabiwa kuwa mbovu. Benki nyingi hukubali kurefusha muda. Anayezima simu hapati nafasi hiyo.

Sheria pia ina kinga ambazo wadaiwa wengi hawazijui. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia riba ya mkopo mbovu wa benki kuzidi kiasi cha msingi kilichokuwa kinadaiwa siku ulipoharibika. Deni la 20,000 haliwezi kufikia 60,000 kwa riba pekee. Kanuni za Benki Kuu za 2022 nazo zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kutisha, kutukana, au kuwapigia simu jamaa na marafiki ili kumwaibisha mdaiwa. Mtindo huo ulivunja heshima za watu wengi kabla ya kupigwa marufuku.

Aliyezidiwa kabisa ana Sheria ya Ufilisi ya 2015. Mwenye madeni yasiyozidi 300,000 anaweza kuomba amri ya kulipa kwa awamu. Asiye na mali yoyote, na madeni yake ni kati ya 100,000 na milioni 4, anaweza kuingia utaratibu wa wasio na mali, na baada ya miezi 12 akafutiwa mengi ya madeni hayo. Aliyekopa kwa udanganyifu hanufaiki.

Kumaliza kulipa hakufuti historia. Taarifa mbaya hubaki kwenye mashirika ya taarifa za mikopo (CRB) miaka mitano tangu deni lilipwe, na anayeahidi mitandaoni kusafisha jina kwa ada ni tapeli. Ripoti ya CRB hutolewa bure mara moja kwa mwaka. Ichukue, uisome, na kosa likiwamo, lipinge.