Kesi ya malezi: Je, mzazi akubali kipimo cha uongo?
Nchini Marekani, mzazi anayegombea malezi ya mwanawe anapotuhumiwa kumdhuru, huweza kushawishika kupimwa kwa hiari na mashine ya kubaini uongo. Lakini mashine hiyo haipimi uongo. Hurekodi pumzi, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na jasho, ambavyo hata hofu ya kumpoteza mtoto yaweza kuvibadili.

Mwaka 1998, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilieleza kuwa hakuna makubaliano kuhusu kuaminika kwa kipimo hicho.

Hivyo mzazi akifaulu, huenda jaji asiyapokee matokeo. Akishindwa, upande wa pili waweza kuyatumia kumshinikiza. Ni busara kumwona wakili kabla ya kukubali.