Jipu la kidole tumbo latibiwa bila kisu

Maumivu ya kidole tumbo mara nyingi huanzia kitovuni, kisha huhamia chini ya tumbo upande wa kulia. Hatari ni pale yanapopungua ghafla na familia ikashukuru kuwa mgonjwa amepona. Huenda kidole hicho kimepasuka. Utumbo na utando wa mafuta hukizingira, usaha ukajikusanya hapo na kuwa jipu, na homa ikapanda.

Kumpasua mgonjwa wakati huo si kazi nyepesi, kwani utumbo umevimba na kushikamana. Ndiyo maana madaktari wengi huanza na antibayotiki, na jipu likiwa kubwa hunyonya usaha kwa mrija unaopitishwa kwenye ngozi.

Mwaka 2012 madaktari wa China, akiwamo Liu Bingrong, walieleza njia nyingine. Mpira mwembamba wenye kamera huingizwa kupitia njia ya haja kubwa hadi mwanzo wa utumbo mpana, lilipo tundu la kidole tumbo. Waya laini hutangulia, mrija hufuata, usaha na vijiwe vya kinyesi husafishwa, kisha kijibomba cha plastiki huachwa kwa muda ili uchafu uendelee kutoka. Baadaye baadhi ya majipu nayo yakaanza kutibiwa hivyo. Hakuna mshono, na kidole chenyewe hubaki.

Kubaki huko ndiko kunakoleta mjadala, maana ugonjwa unaweza kurudi. Na usaha ukishasambaa tumbo zima, kisu hakikwepeki.

Nyumbani, usimpe mwenye maumivu hayo dawa ya kuharisha wala usimkande tumbo. Mpeleke hospitali, hata akisema amepata nafuu.